Je, mwaka wa El Niño ni salama kwa vimbunga vya China? Jibu kwa mwanafunzi aliyeko Ningbo

"Shikamoo mtaalamu. Ninasoma Ningbo, mkoa wa Zhejiang, China, na pembeni ninawasaidia shangazi zangu wawili wenye duka Kariakoo. Nanunua mzigo Yiwu, naupeleka ghalani hapa Ningbo, unapakiwa kwenye kontena kwenda Dar. Mwaka jana kontena la mwisho wa Agosti lilikwama siku kadhaa kwa sababu ya kimbunga, mzigo ukachelewa, na shangazi walilalamika sana. Mwaka huu nasikia kuna El Niño. Rafiki yangu Mchina anasema El Niño inapunguza vimbunga, kwa hiyo tupakie tu bila wasiwasi. Mfilipino ninayeishi naye anasema mwaka wa La Niña ndio unaotisha. Mama yuko Temeke, na yeye akisikia El Niño anakumbuka mafuriko ya 1997 na kuniambia nirudi nyumbani. Nani yuko sahihi? Inawezekana kujua mapema kama vimbunga vitapiga Zhejiang au vitakwenda kwingine? Nihamishie mzigo Guangzhou? Na mimi mwenyewe nakaa chumba cha chini, karibu na mfereji. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake yamo mawili: la mzigo wa shangazi zako, na la chumba chako karibu na mfereji. Majibu yake hayafanani. El Niño, yaani kipindi ambacho maji ya katikati na mashariki ya Pasifiki karibu na ikweta yana joto kuliko kawaida (La Niña ni kinyume chake, maji hayo yakipoa), inasaidia kidogo katika la kwanza, na katika la pili haisaidii chochote.

Tuanze kwa kuwatendea haki wote watatu, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli cha kwao. Mama yako anasema kweli kuhusu Temeke. Mwishoni mwa 1997 El Niño kubwa ilikwenda pamoja na joto lisilo la kawaida katika magharibi ya Bahari ya Hindi, na vuli ya mwaka ule ikawa mafuriko Tanzania, Kenya na Somalia. Mfilipino anasema kweli kuhusu kwao, kwa sababu miaka ya La Niña huelekea kuleta vimbunga vingi zaidi Ufilipino, Vietnam na kusini mwa China. Rafiki yako Mchina naye hajakosea sana, kwa kuwa miaka ya El Niño vimbunga vinavyoingia nchi kavu China huelekea kuwa pungufu kidogo. Kosa linaanza pale mtu anapochukua El Niño ya kwao na kuihamishia kwa jirani. Habari ya Dar haiwi ya Manila, na ya Manila haiwi ya Ningbo.

Kuna kosa jingine ambalo watu wengi hulifanya, nalo ni kudhani El Niño inaamua idadi ya vimbunga. Katika magharibi ya Pasifiki ya Kaskazini, bahari yenye vimbunga vingi kuliko zote duniani, hupatikana takriban 25 kwa mwaka vinavyofikia nguvu ya kupewa jina, yaani upepo wa kilomita 63 kwa saa na zaidi. Idadi hiyo hupanda na kushuka, lakini El Niño na La Niña haziibadilishi sana. Kinachobadilika ni mahali vinapozaliwa, na mahali pa kuzaliwa ndipo panapoamua kwa kiasi kikubwa kimbunga kitaishi muda gani, kitapata nguvu kiasi gani na kitaishia wapi.

Nikueleze kwa nini. Ili kimbunga kizaliwe panahitajika bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na joto hilo lishuke chini makumi ya mita, lisiwe la juu tu. Hewa iwe na unyevu mpaka juu. Upepo wa karibu na bahari na ule wa kilomita kumi juu usitofautiane sana, la sivyo mawingu yanapasuliwa kabla hayajajipanga. Mahali penyewe pawe mbali na ikweta, kwa kawaida nyuzi tano za latitudo au zaidi, kwa sababu kuzunguka kwa dunia ndiko kunakoifanya hewa izunguke. Mwisho, pawe na mzunguko mdogo wa kuanzia.

Watu husikia sharti la kwanza, joto la bahari, na kuishia hapo. Lakini kuanzia Julai hadi Oktoba sehemu kubwa sana ya bahari ile ina joto la kutosha. Kwa hiyo joto peke yake haliwezi kuchagua mahali. Anayechagua ni huo mzunguko wa kuanzia, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye ukanda wa mgandamizo mdogo wa hewa ambapo pepo mbili hukutana: za monsuni zinazotoka magharibi, na zile za kudumu zinazovuma kutoka mashariki. Zikipishana, hewa iliyo katikati huanza kuzunguka. Hizo pepo za monsuni hazitokei mbali na kwetu. Sehemu yake ni kusi yenyewe, ile inayovuma pwani yetu katikati ya mwaka, inayovuka ikweta karibu na Somalia, ikapinda kuelekea India, na kuendelea hadi Bahari ya China Kusini.

Katika mwaka wa kawaida ukanda huo unaanzia Bahari ya China Kusini na kuishia mashariki kidogo ya Ufilipino. Wakati wa El Niño maji ya joto yanasogea kuelekea katikati ya Pasifiki, pepo za mashariki zinalegea, na za monsuni zinapata njia ya kusonga mbele. Ukanda unarefuka kuelekea kusini-mashariki, wakati mwingine hadi karibu na mstari wa tarehe wa kimataifa, na vimbunga vinazaliwa huko, jirani na Visiwa vya Marshall na Micronesia. Kimbunga kilichozaliwa huko kina bahari ya moto ya siku saba, nane, hata kumi mbele yake kabla ya kuona nchi kavu. Kinakula joto njia nzima, ndiyo maana miaka ya El Niño huwa na vimbunga vyenye nguvu zaidi na vyenye umri mrefu. Lakini vingi kati yake, kwa kuwa safari ni ndefu, hupata nafasi ya kukata kona kuelekea kaskazini kabla ya kufika bara, vikaenda Japani au vikafia baharini.

Wakati wa La Niña mambo hugeuka. Maji ya joto yanarundikana magharibi, ukanda unarudi nyuma, na vimbunga vinazaliwa jirani na Ufilipino au ndani ya Bahari ya China Kusini. Vingi havina muda wa kukua sana, ila havina safari ndefu pia. Siku mbili tatu, viko nchi kavu. Oktoba 2020, mwaka wa La Niña, Vietnam ya kati ilipigwa na dhoruba baada ya dhoruba, mvua juu ya mvua, milima ikaporomoka juu ya watu, na mwisho wa mwezi kimbunga Molave kikaja na upepo wake. Tarehe 1 Novemba kimbunga Goni kikaingia kisiwa cha Catanduanes, Ufilipino, kikiwa miongoni mwa vimbunga vikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa vikiingia nchi kavu. Rafiki yako Mfilipino hajasoma hili kitabuni. Watu wa kwao wamelipitia.

Sasa Zhejiang. Hapa ndipo kanuni ya rafiki yako Mchina inapovunjika, na nakuomba usome taratibu.

Kimbunga hakina injini. Kinachukuliwa na upepo mpana unaokizunguka, kama jahazi lililoshusha tanga linavyochukuliwa na mkondo. Na mkondo mkuu wa kule ni ule unaolizunguka eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa juu ya Pasifiki wakati wa kiangazi, yaani majira ya joto ya huko, Juni hadi Agosti. Hewa inalizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Upande wake wa kusini upepo unasukuma kuelekea magharibi, kwenye ukingo wake wa magharibi unapinda kaskazini, na juu zaidi pepo za magharibi zinakichukua kimbunga kuelekea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ukingo wa magharibi wa eneo hilo umefika wapi leo? Ukiwa umejitanua hadi juu ya bara la China, kimbunga hakipati pa kukata kona, kinakwenda moja kwa moja Guangdong au Hainan, kusini mwa China, au Vietnam. Ukiwa umeishia karibu na Taiwan, kona inakatwa hapo, na Zhejiang pamoja na Fujian, mkoa ulio kusini mwake, ndizo zinazopigwa. Ukiwa umerudi nyuma mashariki, kimbunga kinakwenda Japani au Korea.

Ukingo huo husogea mamia ya kilomita ndani ya juma moja. El Niño inaweza kuuvuta kidogo upande mmoja kwa wastani wa msimu mzima, lakini juma ambalo kimbunga chako kitapita halisomi wastani wa msimu.

Angalia mji wa Wenling, pwani ya Zhejiang, kusini mwa hapo ulipo. Tarehe 18 Agosti 1997, katikati ya El Niño ileile anayoikumbuka mama yako, kimbunga Winnie kiliingia hapo. Kilikuwa kimezaliwa mbali mashariki, upande wa Visiwa vya Marshall, kikavuka bahari siku kumi, na kikafika siku ya mwezi mpevu, wakati wa maji ya bamvua. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Bahari iliyokwisha kujaa yenyewe ikasukumwa na upepo juu ya kuta za pwani, na mamia ya watu wakapoteza maisha China. Agosti 2004, mwaka wa El Niño hafifu, Rananim akaingia Wenling. Mwaka uleule Japani ilipigwa na vimbunga kumi, ilhali kawaida yake ni kama vitatu. Tarehe 10 Agosti 2019, El Niño nyingine hafifu ikiwa inamalizika, Lekima akaingia Wenling tena. Kama watu wa mji ule wangekuwa wameambiwa kwamba mwaka wa El Niño ni wa kulala usingizi, ingekuwa msiba juu ya msiba.

Na mwaka 2023, El Niño ikikua, vimbunga vilivyopewa majina vilikuwa 17 tu, pungufu sana ya kawaida. Ukitazama hesabu peke yake utasema mwaka ulikuwa mwepesi. Lakini mmoja kati ya hao 17 alikuwa Doksuri, aliyeingia Fujian tarehe 28 Julai, na unyevu wake ukasafiri hadi Beijing na Hebei na kuleta mafuriko makubwa huko, zaidi ya kilomita elfu moja na nusu kutoka alipoingilia. Idadi ya vimbunga haina maana kubwa kwa mtu aliyepigwa na kimoja.

Nilisema pwani yetu inahusika. Kuna jambo hapa ambalo ningependa kila Mswahili anayeishi Asia Mashariki alijue, kwa sababu linatoka baharini kwetu. El Niño kubwa ikipita, Bahari ya Hindi hubaki na joto lake miezi mingi baadaye, mpaka kiangazi cha mwaka unaofuata. Hewa juu ya bahari hiyo ya joto inapanda, na kwa namna ya wimbi linalosafiri kwenye ikweta inabadilisha pepo hadi magharibi ya Pasifiki. Matokeo yake ni mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa mashariki ya Ufilipino na kuzuia vimbunga kuzaliwa. Mwanasayansi wa hali ya hewa Shang-Ping Xie na wenzake walilieleza hili vizuri mwaka 2009. Ndiyo sababu mwaka 1998, baada ya ile El Niño ya mama yako, kimbunga cha kwanza chenye jina kilichelewa hadi Julai, na mwaka mzima vikawa 16 tu. Mwaka 2010 vikawa 14. Mwaka 2016 cha kwanza kilisubiri hadi Julai.

Wakati mwingine hata El Niño haihitajiki. Unaikumbuka vuli ya 2019 Afrika Mashariki, mvua zilizopitiliza hadi Januari, na Ziwa Victoria likafikia kina cha rekodi katikati ya 2020? Ile ilitokana na joto kubwa la magharibi ya Bahari ya Hindi. Joto hilo likaenea na kubaki baharini, na Julai 2020 ikapita bila kimbunga hata kimoja chenye jina katika bahari ile yote ya Pasifiki, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu kumbukumbu zianze mwaka 1951.

Utasema basi hiyo ndiyo dalili ya usalama tuliyokuwa tunaitafuta. Hapana. Mgandamizo uleule uliozuia vimbunga ulisukuma unyevu kuelekea bonde la mto Yangtze, na kiangazi cha 1998 na cha 2020 yalikuwa mafuriko makubwa huko. Zhejiang imo katika ukanda huo wa mvua za Juni na Julai. Na Julai ile ya 2020 iliyokosa vimbunga ilipokwisha, siku ya nne tu ya Agosti kimbunga Hagupit kiliingia Yueqing, mkoa wako huohuo. Mwaka 2016 nao, uliochelewa kuanza, uliishia na vimbunga 26, na mmoja wao, Meranti, aliyeingia Xiamen tarehe 15 Septemba, alikuwa mkali kuliko wote waliowahi kuingia Fujian tangu 1949.

Kwa hiyo unaweza kujua mapema kiasi gani? Nikupe ukweli kwa kadiri ya muda.

Miezi kadhaa kabla, unaweza kujua upande ambao bahari nzima itaelemea: vimbunga vitazaliwa mbali au karibu, vitakuwa na nguvu zaidi au pungufu, Vietnam na Ufilipino waongeze tahadhari au Japani. Na hata hilo, ukilisikia Februari au Machi usilishike sana, maana utabiri wa El Niño unaovuka miezi ya Machi hadi Mei huyumba kuliko wa wakati mwingine wowote. Kwa serikali inayopanga chakula cha akiba, au kampuni ya bima inayohesabu nchi nzima, habari hiyo ina faida. Kwa bandari moja na kontena moja ni dhaifu mno.

Wiki mbili tatu kabla, kuna kitu bora zaidi ambacho watu hawakisemi sana: wimbi la mvua linaloanzia mara nyingi Bahari ya Hindi na kuizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, ambalo watabiri huliita MJO kwa kifupi. Likiwa juu ya magharibi ya Pasifiki, vimbunga huzaliwa kwa mfululizo. Likipita, bahari hutulia. Ndiyo sababu utaona wiki tatu kimya, halafu vinafuatana. Novemba 2024 vilionekana vinne kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana mwezi huo tangu 1951. Ukisoma taarifa ya wiki ya kituo chochote kikubwa cha hali ya hewa ikisema mvua zinaongezeka mashariki ya Ufilipino, hiyo ina uzito kwako kuliko neno El Niño.

Siku tano hadi tatu kabla ndipo penye uamuzi wa kweli. Hapa nataka ujifunze kusoma ramani, kwa sababu nimeona watu wasomi wakiisoma vibaya. Ramani ya Shirika la Hali ya Hewa la Japani inaonyesha njia ya kimbunga kwa duara zinazozidi kuwa kubwa kadiri siku zinavyokwenda mbele. Wengi hudhani kimbunga kinakua. La, duara ni eneo ambalo kitovu cha kimbunga kina uwezekano wa asilimia 70 kuwamo wakati huo. Duara kubwa maana yake ni mashaka makubwa. Na asilimia 30 iliyobaki iko nje ya duara. Ningbo ikiwa pembeni tu ya duara la siku ya nne, usiseme tumesalimika. Tena usitazame mstari wa katikati. Mstari huo unawavutia macho watu kuliko unavyostahili.

Kitovu chenyewe nacho si hadithi yote. Oktoba 2013, mwaka ambao haukuwa wa El Niño wala wa La Niña, kimbunga Fitow kiliingia Fuding, Fujian, ng'ambo tu ya mpaka wa kusini wa mkoa wako. Mtu wa Ningbo aliyetazama ramani angesema kimetupita kwa mamia ya kilomita. Lakini mvua yake iliifunika Yuyao, mji ulio chini ya utawala wa Ningbo hiyohiyo, na zaidi ya asilimia 70 ya eneo la mji likawa chini ya maji, watu wakitembea kwa mitumbwi ya mpira mitaani siku kadhaa. Mwezi mmoja baadaye, katika mwaka uleule usio wa El Niño wala La Niña, kimbunga Haiyan kiliua zaidi ya watu 6,000 Ufilipino. Ukikumbuka jambo moja tu katika jibu hili kuhusu chumba chako, likumbuke la Yuyao.

Sasa mzigo. Kuhamia Guangzhou sikushauri, kama sababu ni vimbunga. Guangdong, mkoa ilimo Guangzhou, ndio unaopigwa na vimbunga vingi kuliko mikoa yote ya China, na katika mwaka wa La Niña ungekuwa umeukimbilia mdomo wa mamba. Kama bei au usafiri wa Guangzhou unakufaa kwa sababu nyingine, hiyo ni hesabu yako na shangazi.

Mwezi una uzito kuliko El Niño. Zhejiang hupigwa zaidi kati ya Julai na Septemba, Agosti ikiongoza. Oktoba hatari inapungua kwako huku ikishuka kusini kuelekea Hainan, Vietnam na Ufilipino, ingawa Fitow amekuonyesha kwamba haiishi. Kwa hiyo mzigo usio na haraka utoke kabla ya mwisho wa Juni, au subiri hadi katikati ya Oktoba. Najua mzigo wa Krismasi na mwaka mpya hauwezi kusubiri, maana safari yenyewe hadi Dar ni mwezi na zaidi, na bado kuna kutoa bandarini. Huo wa Agosti na Septemba upakie, ila usiupangie tarehe ya mwisho. Waambie shangazi tangu mwanzo kwamba kuna siku saba hadi kumi za akiba, na usimwahidi mteja wa Kariakoo tarehe ya kufika kwa kuhesabu ratiba ya meli tu. Hapo ndipo malalamiko ya mwaka jana yalipozaliwa, nadhani, kuliko kwenye kimbunga chenyewe. Ukiweza, gawa mzigo kwenye meli mbili badala ya moja.

Ghalani, uliza sakafu iko juu kiasi gani kutoka barabarani, na mzigo wako ukae juu ya mbao, usigusane na sakafu. Hili la bima nalo naona nilisisitize, kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuumia: bima za kawaida za mzigo wa baharini hulipa mzigo ulioharibika, lakini hazilipi hasara iliyotokana na kuchelewa peke yake, hata kama kilichochelewesha ni kimbunga. Usilimalize hili kwa kusoma mtandaoni. Nenda na hati yako kwa wakala wa bima, akuonyeshe kifungu cha kuchelewa na kifungu cha maji ya bahari, na umwulize pia kama siku za ghalani kabla ya kupakia zimo. Wakala wako wa meli naye mwulize ni nani analipa gharama za kontena kukaa bandarini pindi bandari ikifungwa kwa amri.

Unaweza kuniuliza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na nitalijibu kwa ufupi. Vimbunga havijaongezeka idadi kwa namna inayoonekana wazi, lakini vinavyoingia nchi kavu Asia Mashariki na Kusini-Mashariki vimepata nguvu zaidi. Utafiti wa Wei Mei na Shang-Ping Xie wa mwaka 2016 uliona ongezeko la asilimia 12 hadi 15 tangu mwisho wa miaka ya 1970. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi, na bahari imepanda. Kwa mtu wa chumba cha chini, hilo ndilo linalohusu.

Na chumba hicho, mwanangu, ningekihama kabla ya Julai, iwe El Niño, La Niña au vyote havipo. Ukishindwa kwa sababu ya mkataba au kodi, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako sasa hivi, wakati jua linawaka, uulize kituo cha kuhifadhi watu cha mtaa wako kiko wapi na wanafunzi hupelekwa wapi tahadhari ikitolewa. Waulize majirani wazee maji yalifika wapi mwaka 2013, wengine watakuonyesha alama ukutani. China hutoa tahadhari za vimbunga kwa rangi nne: bluu, njano, chungwa na nyekundu. Ikifika njano, pandisha vitu vyako juu, chaji simu, weka pasipoti na vyeti kwenye mfuko usioingiza maji, weka maji ya kunywa. Ikifika chungwa usilale tena kwenye chumba hicho, nenda kwa rafiki wa ghorofa ya tatu. Ukiambiwa na mamlaka uhame, hama siku hiyohiyo hata kama mvua haijaanza. Usirudi kuchukua pikipiki ya umeme kwenye maegesho ya chini, na usivuke maji yanayokimbia hata yakiwa ya magotini. Upepo ukikatika ghafla mkiwa katikati ya kimbunga kikali, msitoke nje, huenda ni jicho linapita na upepo wa upande wa pili utakuja. Namba ya uokoaji na zimamoto China ni 119, ya gari la wagonjwa ni 120. Zihifadhi leo, pamoja na ya mwalimu wako msimamizi.

Mama naye usimwambie kwamba mwaka huu hakuna hatari. Mwambie El Niño ya Temeke na ya Ningbo ni vitu viwili, kisha mtumie anwani ya rafiki utakayelala kwake na namba yake ya simu, ili siku akisikia kimbunga kinakuja na wewe hupatikani, awe na mtu wa kumpigia.